Maji Chini ya Esansi

Sifa, mwanangu,

Umetoka kwenda kuaga wenzako wa kwaya na umesema hutakawia. Sanduku lako liko karibu na mlango, limefungwa tayari. Nimechukua kaye yako ya zamani, ile ya darasa la tano iliyobaki na karatasi tupu nyingi, nimekaa jikoni penye dirisha ili niandike kabla mwanga haujaisha. Sitakuandikia namna ya kula wala namna ya kufunga mlango huko Kalemie. Hayo unayajua, na usiyoyajua utayaona mwenyewe. Nataka kukuandikia habari ya esansi, yale mafuta ya motere, na habari ya baba yako.

Najua utacheka ukifika hapa. Utasema, mama anamfundisha mekanisie kazi yake. Ni kweli, weye umesoma ufundi, unaweza kufungua motere nzima ukaitandaza juu ya turubai na kuirudisha bila kubakiza hata skrubu moja. Minye niliishia darasa la sita pale Bwegera. Lakini miaka yote baba yako alipokuwa akiendesha boti ya Baraka, esansi ya boti ile ilikuwa mikononi mwangu. Hakuna aliyekuambia hivyo, kwa sababu baada ya ajali watu walimtaja baba yako peke yake, na minye niliwaacha wamtaje.

Jumapili, tulipokuwa mezani, baba yako mkubwa Yakobo alikuuliza kama huogopi kwenda kutunza motere ya boti kubwa, weye binti peke yako kati ya wanaume. Ukamjibu, "Minye siogopi. Minye sitasahau kusafisha filtre ya motere sawa vile baba alisahau." Hukusema kwa ubaya. Yakobo aliinamisha kichwa akaendelea kula. Minye nikatoka nje nikakaa karibu na jiko la makaa mpaka mlipomaliza. Ulidhani nimekasirika kwa kuwa umemsema marehemu. Sikukasirika, mwanangu. Nilikuwa naogopa, kwa sababu neno ulilolisema ni uongo, na uongo huo niliupika minye.

Nianze mwanzo, ili usipotee.

Nilipoolewa nilikuwa sijawahi kugusa maji ya ziwa. Kwetu Bwegera maji ni ya mifereji ya mpunga, yanakufika magotini, unayafungulia na kuyafunga kwa jembe. Baba yako alinileta hapa Kalundu, bandarini Uvira, na asubuhi ya kwanza nikafungua mlango nikaona ziwa lote mbele yangu na milima ya Burundi ng'ambo, nikamwambia hapa sitakaa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Elia alikuwa mtu wa kucheka. Weye unamkumbuka hivyo kidogo tu. Weye ulikua na yule aliyebaki baadaye.

Boti ilikuwa ya Yakobo, kaka yake: boti ndefu ya mbao, motere nyuma, inapeleka watu na mizigo Baraka na kurudi na samaki na mawese. Elia aliendesha. Minye nilipewa kutunza bidoni, yale madumu ya esansi, nyuma ya nyumba, kuchanganya oili, na kushuka nayo ufukweni asubuhi ya safari kuimimina katika tangi. Nilidhani ni kazi ya kubeba tu, kama kubeba maji.

Mwezi wa kwanza tu niliizimisha boti. Bidoni moja ilikuwa ikivuja mdomoni, nikafanya kama wanavyofanya wote sokoni: nikaweka kipande cha mfuko wa plastiki juu ya mdomo, ndipo nikakaza kifuniko. Boti haikufika hata mbali na ufukwe, motere ikakata. Elia alifungua karibu kila kitu mbele ya abiria, mwishowe akatoa uzi wa plastiki mwembamba kuliko unywele, akauweka juu ya kucha yake akanionyesha. "Motere iko sawa mutoto wa siku tatu," akaniambia. "Haijue kutafuna." Hakunigombeza. Tangu siku ile sikuweka tena mfuko chini ya kifuniko, na esansi nikaimimina kupitia kitambaa safi cha pamba, kisichotoa nyuzi.

Kitambaa kinakamata mchanga, kutu na magamba ya samaki. Maji kinayaachia yapite. Hilo nilijifunza polepole, na nilijifunza kwa akili ya jikoni. Asubuhi moja ya kiangazi nilifungua tangi lililolala nusu, nikaona matone yamening'inia chini ya kifuniko, kama unapofunua sufuria ya ugali. Hakuna mvua iliyonyesha. Tangi lilikuwa limetoka jasho lenyewe, kwa sababu ya ule uwazi uliobaki ndani yake usiku. Tangu hapo nikawa nalijaza jioni, boti ikirudi, badala ya asubuhi. Elia alishangaa. Akauliza nani kanifundisha. Nikamwambia sufuria.

Halafu nikapata chupa, ile nyeupe ya kioo, unaikumbuka labda, ilikaa juu ya dirisha hili hili. Kila bidoni kabla haijashuka ufukweni niliitikisa, nikamimina kidogo katika chupa, nikaisimamisha juu ya jiwe na kungoja. Kama kuna maji, yanashuka. Yanalala chini, na kati yake na esansi unakuja mstari, umenyooka kama umechorwa kwa rula. Bidoni yenye mstari niliiweka kando ikae siku nzima bila kuguswa, kisha niliimimina polepole katika nyingine, na kilichobaki chini, vidole viwili au vitatu, sikukiingiza kamwe kwenye tangi. Nilikitumia kuwashia moto.

Miaka minane nilifanya hivyo, na boti ile haikuzima njiani hata mara moja. Nakuandikia hili si kwa kujisifu. Nakuandikia ili ujue kwamba nilijua. Siku ile sikukosea kwa kutojua.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa kipindi cha mvua, weye ukiwa na miaka kumi. Abiria walikuwa wameongezeka, boti yetu ilirudi usiku sana hata nikawa najaza tangi asubuhi tena, na boti nyingine zilikuwa zikitoka mapema kuliko yetu ili ziwachukue. Elia alianza kuona chupa yangu inamchelewesha. Wiki moja kabla ya ajali nilishuka ufukweni nikamwambia bidoni moja ina maji, angoje nilete nyingine. Boti ilikuwa imejaa, watu wamekaa juani. Akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Banamuke ba Bwegera banaogopa maji hata mu chupa." Watu wakacheka. Yeye pia alicheka, na nadhani alidhani nitacheka. Nililia njia nzima kurudi nyumbani, na tangu siku ile nikawa namjibu kwa maneno machache tu. Ugomvi wa namna ile ni mdogo, Sifa. Kila nyumba inao. Ungeisha Jumapili.

Katikati ya siku hizo akaja mama yako mdogo, Mapendo, mdogo wangu wa mwisho. Unamkumbuka kidogo, alikusuka nywele. Alikuwa na miaka ishirini. Kulikuwa na mwalimu wa Baraka aliyemposa, na mama wa mwalimu alitaka kumwona kabla ya mambo kuendelea. Alitoka Bwegera na magunia mawili ya mchele mpya, moja letu na moja la kumpelekea mama mkwe. Mchele ulitaka pahali pakavu. Hapakuwa na pengine ila kile kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, ambamo bidoni zilikaa. Nikazitoa bidoni, nikauingiza mchele. Bidoni nikazipanga chini ya ukingo wa paa na kuzifunika turubai. Moja kifuniko chake kilikuwa kimepoteza mpira wake. Nilikuwa nimemwambia Elia, akasema ataleta mwingine kutoka mjini. Hakuleta, na sikumkumbusha, kwa sababu ya yale maneno machache.

Mvua ikanyesha usiku kucha.

Asubuhi nilikuta turubai limebonyea katikati, limeshika maji kama beseni, na yalikuwa yakitiririka pembeni juu ya bidoni ile ile. Nikachukua chupa. Nikatikisa, nikamimina, nikasimamisha juu ya jiwe. Mstari ukaja. Chini yake maji hayakuwa mengi, upana wa kucha ya kidole cha mwisho tu, lakini bidoni nzima ni chupa nyingi. Hilo nilijua kulipima.

Mpagazi mmoja akaniita kutoka njiani kwamba watu wamekwisha kupanda, Elia anangoja esansi. Jirani yetu alikuwa na bidoni nzuri na angeniazima. Ingechukua muda wa kuchemsha chai. Nilisimama pale na chupa mkononi nikawaona tena wale watu wakicheka. Nikasema moyoni: mwenyewe alisema ninachelewesha boti, basi leo sichelewi. Kisha nikasema neno jingine, na hili ndilo baya zaidi kwa sababu lilikuwa na sura ya akili: chujio lipo, filtre itayakamata.

Nikaimwaga chupa, nikashuka.

Elia alikuwa ameinama nyuma ya boti. Alikuwa amefungua kikombe cha filtre. Alikiosha kwa esansi safi, akakifuta kwa upande wa ndani wa shati lake, akakiinua kwenye mwanga akakizungusha, akapuliza ule wavu mdogo, akakirudisha na kukikaza. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nilimimina bidoni yote, hata vile vidole vitatu vya mwisho. Hakunitazama usoni, kwa sababu ya ule ugomvi, ila aliniuliza.

"Iko safi?"

"Iko safi," nikamwambia.

Mapendo alikuwa ameketi katikati ya boti, ameshika ukingo kwa mikono miwili. Gunia la mchele wa mkwe lilikuwa miguuni pake. Aliniambia, "Dada, hii maji iko mingi." Nikamwambia asiogope, motere ni nzima. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Uongo wa pili katika muda wa kufunga kitambaa kichwani.

Motere iliwaka mara ya kwanza. Weye mekanisie unajua kwa nini. Boti ikiwa imetulia, maji yanalala chini kabisa ya tangi, na mpira wa kupeleka esansi kwenye motere unanyonya juu yake kidogo, unapata esansi nzuri. Waliondoka vizuri. Nilisimama nikasikiliza mpaka mlio ukapotea upande wa kusini, nikarudi nyumbani nikifikiri kweli filtre imeyakamata, na kwamba kumbe miaka yote nilikuwa najisumbua.

Yaliyofuata niliyasikia kwa baba yako na kwa watu waliopona. Walipopita Makobola, pale milima inapoingia karibu kabisa na maji na hakuna pa kuegesha isipokuwa mawe, upepo ulishuka. Mawimbi yakaanza kutikisa tangi, na esansi ilikuwa imeshapungua. Maji yote yaliyolala yakaamka. Motere ikakohoa, ikakata. Elia akafungua kikombe cha filtre, akakikuta kimejaa maji. Akamwaga, akarudisha, akavuta kamba, motere ikashika, wakasogea kidogo, ikakata. Akafungua tena: maji. Mara tatu. Boti isiyo na motere haiwezi kukabili wimbi kwa kichwa. Ikageuka ubavu. Watu wakakimbilia upande mmoja, na hapo ikapinduka.

Wavuvi waliokuwa wakikimbia upepo waliwaona na kuja. Waliwatoa watu majini mmoja mmoja. Elia alizama na kurudi, alizama na kurudi, akimwita Mapendo, mpaka wavuvi wakamshika kwa nguvu na kumvuta ndani ya mtumbwi. Watu wawili walipotea. Mmoja alikuwa mzee wa Baraka aliyekuwa akirudi na majembe mapya ya wanawe, jina lake Lwaboshi. Alipatikana siku ya pili. Mapendo hakupatikana. Hajapatikana mpaka leo ninapoandika.

Elia aliletwa jioni kwa lori, amevaa nguo za mtu mwingine. Nyumba ilijaa. Yakobo alikuwapo, watu wa bandari walikuwapo, na abiria wawili waliopona walieleza walivyoona: alifungua filtre, ilikuwa imejaa maji. Mmoja wa watu wa bandari akasema basi hakuisafisha kabla ya kuondoka. Wote wakamgeukia Elia. Alikuwa ameketi kwenye kiti kile chenye mguu uliounganishwa kwa waya. Alisema, "Nilisafisha." Wakamuuliza, kama ulisafisha, maji yametoka wapi? Nilimwona anajitafuta. Hakunitazama, hata wazo la kunitazama halikumjia, kwa sababu nilikuwa nimemwambia iko safi na aliniamini. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Labda nilisahau."

Nilikuwa nimesimama na sahani mikononi. Mlango ulikuwa wazi, watu wote waliotakiwa kusikia walikuwa ndani. Niliweka sahani mezani nikarudi jikoni.

Kesho yake mama yangu alifika kutoka Bwegera. Alikaa chini, akauliza boti ilizimishwa na nini. Wanaume wakamwambia, filtre. Hakujua filtre ni kitu gani. Alilirudia neno lile mchana kutwa, taratibu, kama jina la mtu aliyemuua mtoto wake. Na minye niliyemjua mtu huyo nilikuwa nimempakata mama yangu kichwa.

Utaniuliza kwa nini. Nimekuwa na miaka kumi na moja ya kutafuta jibu. Siku ile niliogopa kufukuzwa. Wiki iliyofuata niliogopa weye ungekua bila mama. Mwaka uliofuata nilikuwa nimekwisha kunyamaza mwaka mzima, na kunyamaza huko kwenyewe kulikuwa kosa jipya la kuungama juu ya lile la zamani. Kila siku niliyongoja ilifanya siku inayofuata kuwa ngumu zaidi.

Yakobo alichukua motere, akampa mtu mwingine. Elia akaenda kutengeneza vinu vya kusagia muhogo, na unajua alivyokuwa. Alisafisha kila filtre mara tatu, akarudi nyumbani, akageuka njiani kwenda kuisafisha mara ya nne. Watu wakamwita Elia Filtre. Na weye shuleni wakakuita binti wa Filtre, ukarudi ukilia, ukasema utasoma motere mpaka jina hilo life. Nilikupangusa machozi. Nilikuwa na neno moja la kuliua jina hilo, na nilikupangusa tu.

Mchele wa Mapendo, lile gunia letu, tuliula miezi mitatu. Kila nilipouosha nilisikia harufu ya esansi. Mlisema mama ana tumbo baya. Na ulikuwa ukiniuliza kwa nini nikiwa nasonga ugali asubuhi naacha mwiko ghafla na kusimama. Ni boti, mwanangu. Kila boti inayopita hapa kwenda kusini naisikiliza mpaka mwisho wa mlio wake. Ikibadilisha sauti kidogo tu, nakuwa pale Makobola. Nikimimina maji katika glasi nageuza uso mpaka yatulie, kwa sababu nikiyatazama nauona mstari, hata kama hakuna esansi ndani ya nyumba. Na Mapendo huja. Simwoni akiwa amelowa, wala halii. Anakaa nyuma ya nyumba penye kibanda, ananitazama kama mtu anayengoja zamu yake ya kusema.

Baba yako alipokuwa akifa ulikuwa umeenda kumletea dawa. Nilidhani amelala. Akafungua macho, akasema bila haraka, "Mama Sifa, minye nilisafisha ile filtre. Nimekumbuka. Niliipanguza na shati. Weye uliniona."

Palikuwa na watu wawili tu ndani ya chumba kile, Sifa. Hakuna mtu wa bandari, hakuna abiria, hakuna mama yangu. Nilikuwa nimeshika mkono wake. Nikamwambia, "Pumzika."

Akanitazama. Sijui kama alielewa. Kuna siku nafikiri alielewa yote, akafumba macho ili anipunguzie. Kuna siku nafikiri alidhani hata minye simwamini. Hiyo ya pili ndiyo inayoniamsha.

Leo asubuhi, weye ukiwa sokoni, nilikwenda kwa Yakobo nikamwambia yote kama nilivyokuandikia. Alikuwa akinyoa ndevu uani. Alisikiliza, povu likamkaukia shavuni. Nilipomaliza akasema, "Nilimunyang'anya ndugu yangu motere." Alilisema mara mbili, akitazama mikono yake. Nikangoja anifukuze au anipige. Alisema tu, "Mama Sifa, enda nyumbani." Sijui kesho atasema nini. Ana haki ya kusema lolote.

Kesho, boti yenu ikiondoka, nitapanda gari la Bwegera. Mama yangu amezeeka, macho yamepungua, lakini masikio yako vizuri. Nitakaa chini mbele yake nimweleze filtre ni kitu gani, na haikufanya kosa gani. Halafu, nikiwa bado na nguvu ya kusimama, nitatafuta wana wa mzee Lwaboshi. Sitazamii msamaha. Nimechoka kuwaacha watu wamchukie mtu asiye mwenye kosa, naye yuko kaburini hawezi kujibu.

Huko uendako, kazi utaijua kuliko minye. Utakuwa na vyombo ambavyo sikuviona, na filtre kubwa zenye koki ya kutolea maji chini. Ila siku moja utaona maji katika chombo, na boti itakuwa imejaa, na aliyekuvunjia heshima jana atakuwa amesimama mbele yako akikuuliza kama iko safi. Siwezi kuwa hapo. Nakuambia tu kwamba nilikuwa hapo, na kwamba jibu lile lilichukua muda mdogo kuliko kumeza mate.

Na ukikosea, kwa sababu hata weye utakosea, sema siku ile ile, watu wakiwa bado wamekaa.

Nilifikiri kuiweka barua hii chini ya nguo zako, uikute ukiwa umefika mbali. Kisha nikaona huko kungekuwa kujificha tena. Nitakupa mkononi kesho pale ufukweni, mapema, kabla ya mizigo kupakiwa. Isome ukiwa bado nchi kavu. Nitakuwa nimekaa penye mawe, upande wa wauza samaki wa ndagala. Ukitaka kuja kunisema, njoo. Ukitaka kupanda bila kuniaga, nitaelewa, na nitaisikiliza boti yenu mpaka mwisho.

Lakini ukifika Kalemie, na mtu wa Uvira akakujua akakuita binti wa Filtre, usiinamishe kichwa. Mwambie baba yako aliisafisha asubuhi ile kama asubuhi zote, na kwamba yuko mtu aliyemwona. Mtaje kwa jina lake. Mwambie ni mama yako.

Nasikia sauti zenu njiani, mnaimba mkirudi. Naishia hapa.

Ni minye niliyekuzaa,
Mama Sifa